Tabibu wa Karema aliandika maisha yake. Wazee wa Katavi, zamu yenu

Mwaka 1946 jarida la Tanganyika Notes and Records lilichapa maisha ya mzee mmoja wa Karema, yakisimuliwa na mwenyewe. Mzee huyo aliitwa Adrien Atiman. Alikuwa anakaribia miaka 80, na kwa zaidi ya nusu karne alikuwa akitibu watu kwenye mwambao ule wa Ziwa Tanganyika, katika eneo ambalo leo ni Wilaya ya Tanganyika, Mkoa wa Katavi.

Hakuwa mzaliwa wa hapo wala wa karibu na hapo. Alizaliwa mnamo 1866 huko Tundurma, kando ya mto Niger, katika nchi ambayo sasa ni Mali. Akiwa mtoto alikamatwa akauzwa utumwani, akavushwa Jangwa la Sahara mpaka Metlili, Algeria, ambako Mapadri Weupe walimkomboa kwa fedha. Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa shirika hilo, alikuwa na mpango wa kuwasomesha vijana wa Kiafrika kisiwani Malta ili wawe matabibu na makatekista kwa wakati mmoja, na Atiman alisoma huko kuanzia 1881 hadi 1888. Mwaka uliofuata akafika Karema. Akamwoa Agnes Wansahira, mwanamke wa Kibende. Mtoto wao Joseph alipewa upadri mwaka 1923. Tabibu mwenyewe alifariki Karema mwezi Aprili 1956, baada ya kuhudumu miaka 67 mahali pale pale.

Namtaja Atiman kila ninapokaa na mzee wa hapa Mpanda, Katavi, akaniambia kwamba maisha yake hayana la kuandika. Jibu hilo nimelisikia kwa watu waliofanya kazi reli, kwa kina mama waliolea watoto wa ndugu zao waliokufa, kwa wakulima wa tumbaku, kwa walimu wastaafu ambao nusu ya mji huu imepita mikononi mwao. Wanasema wao ni watu wa kawaida. Kuandika maisha ni kazi ya wakubwa.

Naelewa wanakolitoa wazo hilo. Vitabu vya maisha vinavyozinduliwa kwa shangwe hapa nchini ni vya viongozi. Rais mstaafu Benjamin Mkapa alitoa chake mwaka 2019, kwa Kiingereza, na miezi minane baadaye akafariki. Mzee Ali Hassan Mwinyi alitoa chake kwa Kiswahili, Mzee Rukhsa: Safari ya Maisha Yangu, kikazinduliwa tarehe 8 Mei 2021, siku aliyotimiza miaka 96. Ni vitabu vya thamani, na nafurahi kwamba Mzee Mwinyi alichagua lugha ambayo watu aliowaongoza wanaisoma bila mkalimani. Lakini rais ana kumbukumbu nyingi hata asipoandika. Hotuba zake zimehifadhiwa, picha zake zipo, magazeti ya enzi zake yapo. Asipoandika mwanamke wa Inyonga aliyeishi miaka 85, hakuna jalada lolote la ofisi litakaloziba pengo lake.

Ndiyo maana mfano wa Atiman una nguvu. Watu wengine wameandika habari zake: wamisionari waliofanya naye kazi, na wanahistoria kama John Iliffe, aliyewatafiti matabibu wa Afrika Mashariki. Lakini katika Karema nzima hakukuwa na mtu mwingine aliyeliona jangwa lile kwa macho ya mtoto anayepelekwa sokoni. Bila maelezo yake mwenyewe, miaka ile ingebaki mstari mmoja kwenye daftari la ubatizo: amekombolewa, umri haujulikani vizuri. Alichofanya ni kukaa chini uzeeni na kukumbuka.

Kuna kitabu kimoja cha maisha ambacho ningependa kiwekwe kando ya maelezo ya Atiman. Hamed bin Muhammed el Murjebi, ambaye watu wengi wanamjua kwa jina la Tippu Tip, aliandika maisha yake kwa Kiswahili akiwa mzee Unguja, kwa kuhimizwa na Mjerumani Heinrich Brode, miaka michache kabla ya kufariki mwaka 1905. Anaanza bila kuzunguka: alipofika umri wa miaka kumi na miwili akaanza safari za biashara. Kuanzia hapo ni misafara, pembe za ndovu, bei, madeni, na vita yake na chifu Nsama kusini mwa Ziwa Tanganyika. Kwa anayetaka kujua biashara ya karne ya 19 ilivyokwenda, hakuna maandishi ya Kiswahili yanayoweza kushika nafasi yake. Ila watu waliofungwa na kuuzwa wanapita ndani ya kitabu kile bila kusema neno. Katika miaka ya 1870, Tippu Tip alipokuwa ndani ya safari yake ndefu ya Kongo, mtoto wa Tundurma alikuwa kwenye msafara mwingine kaskazini, akiwa ndiye bidhaa. Tuna maneno ya wote wawili kwa sababu wote wawili walifika uzeeni na kila mmoja akaeleza yake. Ukiwa na maandishi ya upande mmoja tu, unadhani umeijua historia, kumbe umesikia nusu.

Karema yenyewe imejaa visa vya nusu. Mwaka 1879 jumuiya iliyoundwa na Mfalme Leopold II wa Ubelgiji ilijenga kituo hapo chini ya Kapteni Cambier. Mwaka huo huo tembo wanne wa kufugwa kutoka India waliteremshwa Msasani, Dar es Salaam, wakaongozwa kwenda bara kujaribu kama wanaweza kuchukua mizigo badala ya wapagazi. Mmoja tu ndiye aliyefika Karema. Mwaka 1880 Carter, kiongozi wa msafara huo, na mwenzake Cadenhead, wakirudi pwani, waliuawa ndani ya boma huko Mpimbwe katika vita vya mtawala Mirambo. Majina ya Wazungu hao tunayo. Hata majina ya tembo tunayo; mmoja aliitwa Pulmalla. Wapagazi waliotembea nao kutoka bahari hadi ziwani, na Wapimbwe waliokuwa ndani ya boma siku lilipovamiwa, hawakuandikwa. Nikipita Usevya au Majimoto huwaza kwamba wajukuu wao wako hapo hapo, wanauza mpunga, na hawana hata ukurasa mmoja wa siku ile kutoka kwa mtu wa kwao.

Mapadri Weupe walipokichukua kituo cha Karema mwaka 1885 walikuja na desturi njema ya kuandika. Lavigerie aliagiza kila misheni iwe na kitabu cha kumbukumbu za kila siku: nani kafika, nani kafariki, mvua imenyesha lini. Mpaka leo watafiti wanaotaka kujua njaa na magonjwa ya ukanda huu wanakwenda kwenye vitabu hivyo, vilivyoandikwa kwa Kifaransa na kuhifadhiwa Roma. Mtu wa Ikola anayetaka kujua babu yake alipatwa na nini inambidi ategemee macho ya padri wa Kifaransa. Padri alieleza aliyoyaona na kuyaelewa. Mazungumzo ya jikoni usiku ule hakuyasikia.

Wapimbwe wamepiga hatua. Peter Mgawe na watafiti wenzake wameandika kwa Kiswahili kitabu cha historia ya kabila hilo, kikachapwa na Mkuki na Nyota. Kila kabila la mkoa huu lingefaa kuwa na kitabu cha namna hiyo. Hata hivyo historia ya kabila ina kazi yake na maisha ya mtu yana kazi yake. Kabila halina mguu ulioteguka njiani kwenda shule. Halikumbuki harufu ya behewa.

Na Mpanda ni mji wa behewa. Asingekuja mtu kujenga reli hapa kama si madini ya risasi. Kampuni ya Uruwira Minerals ilifungua mgodi, serikali ya kikoloni ikajenga tawi la reli kutoka Kaliua, kilomita 210 kupitia misitu ya miombo yenye mbung'o, na mnamo 1950 treni ikafika. Miaka kumi baadaye, 1960, mgodi ulifungwa. Reli ikabaki. Mji ukabaki. Maneno hayo machache utayakuta kwenye maelezo yoyote ya historia ya Mpanda, na yakiishia hapo hayatoshi hata kidogo. Mgodi ulipofungwa, mfanyakazi aliyekuwa na mke na watoto wanne alikwenda wapi asubuhi iliyofuata? Nani alipanda treni kurudi kwao, na nani aliona aibu kurudi mikono mitupu akaamua kulima Kawajense? Mshahara wa mwisho alinunua nini? Mtu aliyekuwa na miaka 20 wakati huo leo amepita 80. Wapo wachache, wanakaa barazani, wanasalimiwa shikamoo na vijana wanaopita na pikipiki, na hakuna anayewauliza.

Fikiria pia mzee ambaye hajawahi kuhama nyumba yake. Amezaliwa chini ya Mwingereza, ameishi Tanganyika huru, kisha Jamhuri ya Muungano. Wilaya yake imekuwa ndani ya Mkoa wa Tabora, ikahamishiwa Rukwa, na mwaka 2012 ikawa sehemu ya mkoa mpya wa Katavi. Ameona Operesheni Vijiji, amemsikia Mwalimu Nyerere kwenye redio akitangaza vita dhidi ya Idi Amin, amepanga foleni ya sabuni mwanzoni mwa miaka ya 1980, amemwona kijana wa mkoa huu, Mizengo Pinda, akiapishwa kuwa Waziri Mkuu mwaka 2008. Mtu huyo anasema hana la kuandika.

Kuna sehemu ya Katavi ambako kumbukumbu haikupungua kamwe, tena ilisimuliwa kila jioni. Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 walipewa makazi Katumba mwaka 1973, kisha Mishamo mwaka 1978. Walifyeka msitu na kugeuza maeneo hayo kuwa mashamba yanayolisha masoko ya Mpanda. Mtafiti Liisa Malkki aliishi kati yao Mishamo katikati ya miaka ya 1980, na kitabu chake cha mwaka 1995 kinasomwa katika vyuo vikuu vya dunia nzima. Aliona kwamba watu wa Mishamo walikuwa na simulizi ya pamoja, imenyooka, karibu kila mtu anaieleza kwa mpangilio ule ule: tulivyoishi, tulivyoonewa, tulivyouawa, tulivyokimbia. Warundi wenzao waliojichanganya mjini Kigoma hawakuwa nayo. Wao walijitahidi wasitambulikane.

Naiheshimu simulizi ile ya pamoja. Iliwashikilia watu waliopoteza kila kitu. Lakini ina gharama yake, na nadhani sasa inaweza kusemwa: simulizi ya wote ilimeza simulizi ya mmoja mmoja. Mama aliyevuka mpaka na mtoto mgongoni ana mambo ambayo hayamo ndani ya ile hadithi kubwa. Pengine aliyemwonyesha njia alikuwa mtu wa upande aliopaswa kuuchukia. Pengine alicheka siku ya pili ya safari, kwa jambo dogo, na mpaka leo hajui kama ilikuwa halali kucheka. Mambo kama hayo hayasimuliwi mbele ya watu wengi. Mwaka 2014 serikali ilianza kuwapa vyeti vya uraia watu wapatao 162,000 kati ya wakimbizi wale wa 1972 na watoto wao, na hivyo mlango mmoja wa hofu ukafungwa. Aliyekuwa akiogopa kwamba maneno yake yataandikwa kwenye jalada na kumrudia, sasa ni Mtanzania mwenye haki ya kueleza maisha yake kama mtu wa Sitalike au wa Karema. Wajukuu wa Katumba wanaozungumza Kiswahili cha Mpanda wanastahili kusikia habari za bibi yao huyo mmoja, kwa jina lake.

Nimesema bibi, na kwa bibi nitakaa kidogo.

Maisha ya wanawake wa ukanda huu yaliwahi kuandikwa, lakini na wageni. Mwanzoni mwa karne iliyopita mmisionari wa Kimoraviani, Elise Kootz-Kretschmer, alisikiliza na kuandika maisha ya Bibi Narwimba, kusini-magharibi mwa Tanzania, mwanamke aliyepita katika vita, ujane na biashara ya watu. Baadaye mwanahistoria Marcia Wright aliyachambua maisha yake pamoja na ya wenzake. Katika miaka ya 1980 Susan Geiger alikaa na Bibi Titi Mohamed na wanawake wengine wa TANU, akawaacha waseme, na kitabu chake cha mwaka 1997 kilibadilisha namna historia ya uhuru wetu inavyoelezwa. Kabla ya hapo ungeweza kusoma kurasa mia za harakati za uhuru usikutane na mwanamke isipokuwa kwenye ngoma ya kumpokea kiongozi.

Katika mikoa ya magharibi na Kanda ya Ziwa tuna sababu nyingine ya kukaa na bibi zetu, na ni ya kutisha. Wanawake wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, wengine kwa sababu tu macho yao ni mekundu. Kijana aliyekaa na bibi yake jioni nyingi akiandika maneno yake anajua macho yale yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka 60 ya kuwapikia watu. Anajua alizaa wangapi, akazika wangapi, na walikufa kwa nini. Si rahisi kumwaminisha kijana huyo kwamba bibi huyu ndiye aliyewaua.

Sasa, namna ya kuandika.

Kosa la kwanza ninaloliona kwenye madaftari ya wazee ni kuanza na ukoo na kuishia kwenye ukoo. Fulani alimzaa fulani, kurasa kumi, ndipo mwandishi anachoka. Orodha ya ukoo ni muhimu, iwekwe mwishoni. Anza na kitu ulichokiona wewe, mahali unapoweza kupaeleza mpaka mtu akapajua: siku ya kwanza kupanda treni ya Kaliua, usiku wa kusubiri meli ya Liemba pale Ikola, mara ya kwanza kurina asali peke yako, siku mtendaji alipokuja na amri ya kuhama. Eleza mikono yako ilikuwa inafanya nini. Taja bei. Taja chakula kilichokuwa kwenye kikapu. Kama mlikula migebuka iliyokaushwa kwa moshi, andika hivyo; ukiandika "chakula cha asili", mjukuu wa Dodoma hatajua mlikula nini.

Kosa la pili ni mausia. Wazee wetu wanapenda kuusia, na ni haki yao. Lakini ukurasa unaosema "zamani tulikuwa na nidhamu" haumfundishi mtu. Andika ulichapwa na nani, kwa kosa gani, fimbo ya mti gani, na baadaye ulijisikiaje ulipomwona aliyekuchapa. Msomaji ataipata nidhamu humo ndani mwenyewe, na pengine ataona pia mahali ilipozidi ikawa ukatili. Shaaban Robert, ambaye hakuwa na shida ya kutoa mawaidha, alipoandika Maisha Yangu alimweka humo mkewe Amina na huzuni ya kufiwa naye. Msomaji anayekisoma kitabu hicho leo anamkuta mume aliyefiwa, siyo bingwa wa lugha peke yake.

Miaka inawatisha wengi. Mzee anasema hajui alizaliwa lini, basi anaona hawezi kuandika. Katavi ina nguzo za kutosha za kuhesabia. Treni ilipofika, mnamo 1950, ulikuwa umeanza kung'oa meno ya utoto? Mgodi ulipofungwa ulikuwa umeoa? Uhuru ulikukuta wapi? Warundi walipoletwa Katumba mtoto wako wa kwanza alikuwa anatembea? Wakati wa vita vya Kagera, 1978 na 1979, nani wa ukoo wenu alikwenda? Kwa maswali kama hayo unaweza kumpatia mtu umri wake na kukosea kwa mwaka mmoja au miwili, na huo ni usahihi wa kutosha. Mahali asipokumbuka, aandike kwamba hakumbuki. Ukurasa wenye "sikumbuki" mbili tatu naupa imani kuliko ule unaojua kila kitu.

Wazee wengi wa leo wanajua kusoma na kuandika zaidi ya wanavyokiri. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na madarasa ya kisomo yakaenea vijijini. Kuna watu wa Mpanda waliojifunza kuandika jina lao wakiwa na mtoto mgongoni, wakaendelea mpaka wakawa wanaandikiana barua na waume zao waliokuwa mbali. Barua hizo zikipatikana kwenye sanduku, zisichomwe. Aliyezihifadhi tayari ameanza kitabu.

Asiyeweza kushika kalamu kwa sababu ya macho au mkono, aseme. Sheikh Thabit Kombo Jecha wa Zanzibar alisimulia, Minael-Hosanna Mdundo akaandika, na masimulizi yake yakawa kitabu mwaka 1999. Leo nyumba nyingi zina simu inayorekodi. Kijana aweke simu karibu, amsalimie mzee kama inavyostahili, aulize swali moja, kisha anyamaze. Kunyamaza ndiyo kazi ngumu. Mzee akisita, usimmalizie sentensi; anatafuta jina, atalipata. Mwache aseme Kibende, Kikonongo, Kipimbwe, Kifipa, Kisukuma au Kirundi pale Kiswahili kinapomwishia, maana kuna mambo ya utoto ambayo mtu anayajua kwa lugha ya mama yake tu. Tafsiri utafanya baadaye ukiwa naye. Sauti uihamishe mahali pa pili siku hiyo hiyo, kwa sababu simu zinaibwa na zinaanguka majini. Kisha iandike kwenye kaunta buku, umsomee mwenyewe. Atakurekebisha. Mara nyingi kwenye kurekebisha ndipo anapokumbuka jambo kubwa kuliko yote aliyosema.

Yapo mambo ya kuchukua kwa tahadhari. Maisha ya mtu yana watu wengine ndani yake, na baadhi yao wako hai. Habari za mtoto wa nje, za shamba lililogawanywa kwa upendeleo, za ndugu aliyefungwa, zinaweza kuvunja ukoo msibani. Sishauri zifichwe zote. Ukoo unaoficha kila kitu unalea uongo. Nashauri mwenye maisha ndiye aamue kipi kisomwe sasa, kipi kikae kwenye bahasha mpaka atakapofariki, na jina gani libadilishwe. Uamuzi huo si wa mtoto mkubwa, si wa mwandishi, na wala si wa mwanakwaya mwenye kompyuta.

Kuhusu kuchapa, mtu asikate tamaa kwa kuwaza wachapishaji wa Dar es Salaam. Steshenari za mjini Mpanda zinachapa, zinatoa nakala na kubaindi. Nakala kumi za kurasa sitini zinatosha ukoo kuanzia. Anayetaka kwenda mbali zaidi anaweza kuomba namba ya kitabu kupitia Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, akakabidhi nakala maktaba, na hapo maisha yake yatakuwa mahali ambapo mtafiti wa mwaka 2090 atayakuta bila kumjua mtu.

Halmashauri za Katavi nazo zina jambo la kufanya, na halihitaji bajeti kubwa. Kila shule ya sekondari ya mkoa huu ina walimu wa Kiswahili na wa Historia. Kila mwanafunzi wa kidato cha tatu akipewa kazi ya kuandika maisha ya mzee mmoja wa kwao, na shule ikafunga kazi bora kwenye jalada moja kila mwaka, baada ya miaka kumi Mpanda itakuwa na hazina ya kumbukumbu ambayo mikoa mingi mikongwe haina. Maisha ya Atiman yalichapwa kwa Kiingereza, katika jarida lililosomwa zaidi na maofisa wa kikoloni na watafiti. Haya yataandikwa kwa Kiswahili, na wasomaji wake wa kwanza watakuwa watoto wa hapa.

Msomaji, kama una mzee Katavi, au popote, mpigie simu leo. Usimwambie unataka kuandika kitabu, atakwepa. Muulize kitu kimoja tu: siku treni ilipofika, au siku alipofika yeye, alikuwa amevaa nini na alikuwa na nani. Chukua kalamu kabla hajaanza kujibu.